Saa ya kompyuta inapogoma kwenda sawa na intaneti: Chanzo na tiba yake

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

SI jambo geni kwa mteja anayeingia katika duka la steshenari mjini Korogwe au Handeni, mkoani Tanga, kukuta kompyuta ambayo kwenye kona ya kioo chake inaonyesha mwaka uliokwisha kupita zamani, au saa ya usiku wa manane ilhali nje jua linawaka. Mara nyingi mwenye duka huwa amekwisha kuizoea hali hiyo. Akiulizwa saa, hutazama simu yake ya mkononi na kazi huendelea.

Hata hivyo, si kazi zote zinazoendelea. Baadhi ya tovuti hugoma kufunguka, maombi ya ajira hukwama, na barua pepe iliyotumwa leo hupokelewa ikiwa na tarehe isiyoeleweka. Mwenye kompyuta huulaumu mtandao, hununua kifurushi kingine cha intaneti na pengine humwita fundi aje kuweka programu zote upya, kumbe kilichohitajika ni kuisahihisha saa.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kompyuta za siku hizi zimeundwa ziweze kujirekebisha zenyewe kwa kuuliza saa kupitia intaneti. Kwa nini basi nyingine hushindwa, na nyingine hurekebishwa asubuhi na kurudia kosa lilelile jioni?

Makala haya yanaeleza namna kompyuta inavyotunza saa, inavyoiuliza kwa wenzake mtandaoni na sababu zinazoifanya igome. Msomaji ataona kuwa chanzo cha tatizo kinaweza kutambuliwa kwa kutazama jambo moja: saa hiyo imekosea kwa kiasi gani.

Madhara ya saa isiyo sahihi

Tovuti zinazopokea nywila, fedha au taarifa binafsi hujitambulisha kwa cheti cha kielektroniki. Kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kumalizika. Vyeti vinavyotolewa bila malipo na taasisi ya Let's Encrypt ya Marekani, ambavyo hutumiwa na mamilioni ya tovuti duniani, vimekuwa vikidumu kwa siku 90.

Kompyuta inayoamini kuwa bado ni mwaka 2015, inapooneshwa cheti kilichoanza kutumika mwezi uliopita, hukiona kuwa hakijaanza kazi. Hapo kivinjari hutoa onyo kuwa mawasiliano si salama na kufunga mlango. Tovuti haina kosa, wala mtandao hauna kosa. Aliyekosea ni mwenye kompyuta.

Chukua mfano wa kijana wa Handeni anayeomba kazi serikalini kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mfumo huo unatazama saa ya seva yake, si saa ya kompyuta ya mwombaji. Kama kompyuta aliyoikodi imechelewa kwa saa moja, atadhani ana muda wa kutosha wa kupakia vyeti vyake, kumbe dirisha limekwisha kufungwa. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Aidha, wapo wanaotumia programu za simu zinazozalisha namba za siri za kuingilia katika akaunti. Kwa kawaida namba hizo hubadilika kila baada ya sekunde 30 na hutengenezwa kwa kutumia saa. Kifaa kilichokosea kwa dakika chache tu hutoa namba ambayo seva haiitambui, na mhusika akadhani ameibiwa akaunti.

Kwa wafanyabiashara, suala hili linagusa kumbukumbu. Tangu mashine za kielektroniki za kutolea risiti, maarufu kama EFD, zilipoanza kutumika nchini mwaka 2010, kila risiti imekuwa na tarehe na saa yake. Pale ambapo daftari la mauzo linatunzwa kwenye kompyuta yenye saa mbovu, risiti husema hivi na daftari likasema vile. Itakuwa kazi ngumu kumweleza mkaguzi kwamba mauzo ya leo hayakufanyika mwaka 2012.

Vilevile, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ushahidi wa kielektroniki mahakamani. Barua, picha za kamera za ulinzi na kumbukumbu za malipo huweza kuwa ushahidi, na jambo la kwanza litakaloulizwa ni lini na saa ngapi zilitengenezwa.

Watanzania walipata somo la aina hiyo mwaka 2024 kupitia mita za LUKU. Namba za umeme zinazotumika katika mita hizo hubeba alama ya muda, ambayo wakati huo ilikuwa hesabu ya dakika zilizopita tangu Januari 1, 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu, nazo zilikuwa zinafikia kikomo Novemba 24, 2024. Ndiyo maana Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) liliwataka wateja waingize kwanza namba mbili maalumu za tarakimu 20 kila moja, kabla ya namba ya umeme wenyewe. Wengi waliona usumbufu. Kwa hakika lilikuwa suala la kuhesabu wakati.

Betri ndogo yenye kazi kubwa

Ndani ya kila kompyuta kuna kifuwele kidogo, cha aina ileile inayotumika katika saa za mkononi za betri, ambacho hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Kompyuta huhesabu mitetemo hiyo na kupata sekunde. Kifuwele cha kawaida kinaweza kukosea kwa sekunde moja au mbili kwa siku, na joto likizidi au kupungua sana kosa huongezeka. Kwa mwezi mmoja saa inaweza kupotea kwa karibu dakika nzima.

Kompyuta inapozimwa na kuchomolewa kwenye umeme, kifuwele hicho huendelea kufanya kazi kwa nguvu ya betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi kuu. Katika kompyuta nyingi za mezani betri hiyo huandikwa CR2032 na ina nguvu ya volti 3. Hudumu kwa miaka kadhaa kisha huisha.

Hapa ndipo mazingira yetu yanapoingia. Kompyuta za mitumba zinazoingizwa nchini kutoka Ulaya na Dubai hufika zikiwa zimekwisha kutumika kwa miaka mingi, na betri zake zimechoka. Zaidi ya hapo, umeme unapokatika mara kwa mara, au mwenye duka anapozima swichi ya ukutani kila jioni kwa kuogopa hitilafu, betri hiyo hubeba mzigo usiku kucha. Ikiisha, kila umeme unaporudi kompyuta huamka ikiwa imesahau siku na kurudi kwenye tarehe ya kiwandani.

Jinsi saa inavyoulizwa mtandaoni

Kwa miaka mingi wasikilizaji wa redio walirekebisha saa zao kwa kusikiliza milio inayotangulia taarifa ya habari. Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kurusha milio sita ya aina hiyo mwezi Februari mwaka 1924. Kompyuta nazo zina milio yake, ila hazisubiri kutangaziwa, bali huuliza.

Utaratibu unaotumika unajulikana kwa kifupi kama NTP. Uliasisiwa na Profesa David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani, na maelezo yake rasmi ya kwanza yalitolewa mwaka 1985. Profesa Mills alifariki dunia Januari 2024, akiwa ameacha mfumo unaotumiwa kila siku na kompyuta duniani kote.

Juu kabisa zipo saa za atomiki. Tangu mwaka 1967, sekunde moja imepimwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya atomu ya madini ya sizi. Seva zilizounganishwa na saa hizo, au na setilaiti za GPS ambazo nazo hubeba saa za atomiki, huzipa saa seva za chini yake, nazo huzipa nyingine, hadi kuifikia kompyuta ya mtu wa kawaida.

Ugumu uko katika safari. Jibu linalotoka Ulaya au Dar es Salaam huchukua muda kufika, hivyo saa iliyoandikwa ndani yake huwa imekwisha kupitwa na wakati. NTP hutatua tatizo hilo kwa hesabu inayoweza kuelezwa kwa safari ya pikipiki kati ya Handeni na Korogwe, umbali wa takriban kilomita 65.

Tuseme mjumbe anaondoka Handeni wakati saa ya Handeni, ambayo hatuna uhakika nayo, inaonyesha saa 2:00 asubuhi. Anafika Korogwe na kukuta saa ya huko, ambayo ni sahihi, ikionyesha saa 3:20. Anapumzika kwa dakika 10 na kuondoka saa 3:30. Anaporejea Handeni, saa ya Handeni inaonyesha saa 4:10.

Kwa saa ya Handeni, mjumbe alikuwa nje kwa saa 2 na dakika 10. Tukiondoa dakika 10 za mapumziko, safari yenyewe ilichukua saa 2, maana yake saa 1 kwenda na saa 1 kurudi. Kwa hiyo alipofika Korogwe, saa ya Handeni ilikuwa ikisoma saa 3:00, ilhali iliyo sahihi ilisoma 3:20. Jibu limepatikana: saa ya Handeni imechelewa kwa dakika 20.

Ikumbukwe kuwa hesabu hiyo inadhani kwenda na kurudi ni sawa. Kama kwenda kulichukua dakika 50 na kurudi dakika 70, jibu lingepotoka kwa dakika 10. Kwenye intaneti safari hupimwa kwa sehemu ndogo sana za sekunde, hivyo hata mtandao ukilemewa upande mmoja, kosa kwa kawaida halifiki sekunde moja. Ndiyo kusema, intaneti ya taratibu si sababu ya saa kukosea kwa dakika, saa au miaka.

Jua, reli na ukanda wa saa

Saa inayozungushwa na NTP ni moja kwa dunia nzima, ile inayofahamika kama UTC, ambayo kwa matumizi ya kawaida ni sawa na saa ya Greenwich, Uingereza, isiyobadilishwa majira ya kiangazi. Seva haimjui anayeuliza kama yuko Korogwe au Canada. Ni kompyuta yenyewe inayopaswa kuongeza saa 3 ili kupata majira ya Afrika Mashariki, na hujua hivyo kutokana na ukanda wa saa uliochaguliwa na mtumiaji.

Saa hizo 3 ni makubaliano ya watu, si matakwa ya jua. Majira yetu yamepimwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambao uko mbali na Tanzania, upande wa Somalia. Korogwe iko karibu na nyuzi 38.5, na kila nyuzi moja ni sawa na dakika 4. Kwa wastani, jua hufika utosini mjini Korogwe takriban dakika 26 baada ya saa 6:00 mchana, na Handeni hufika karibu dakika mbili baadaye.

Zamani tofauti hiyo haikumsumbua mtu. Reli ilipotoka Tanga na kufika Korogwe mwaka 1902, wakati wa utawala wa Wajerumani, ilikuja na ratiba, na ratiba haiwezi kufuata jua la kila stesheni. Hata baadaye majira hayakutulia mara moja, kwani chini ya Waingereza Afrika Mashariki iliwahi kutumia saa 2 na dakika 45 mbele ya Greenwich.

Ukubwa wa kosa hueleza chanzo

Fundi mwerevu haanzi kwa kufungua kompyuta. Huanza kwa kulinganisha saa yake na ya simu ya mkononi iliyoruhusiwa kupokea saa ya mtandao wa simu, kisha hupiga hesabu ya tofauti.

Tofauti ikiwa ni ya miezi au miaka, na ikajirudia kila kompyuta inapochomolewa, betri imekwisha. Tiba ni kununua betri mpya, ambayo bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kompyuta. Kompyuta izimwe, ichomolewe kwenye umeme, betri ya zamani itolewe na mpya iwekwe upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu. Kwa kompyuta mpakato ni vema kazi hiyo akapewa fundi, kwa sababu betri mara nyingi imejificha na huunganishwa kwa waya.

Tofauti ikiwa ni saa 10 au 11 nyuma, chanzo karibu kila mara ni ukanda wa saa. Programu ya Windows inapowekwa kwa mipangilio ya Kimarekani huchagua yenyewe majira ya Pasifiki, yanayotumika Los Angeles. Majira hayo yako nyuma yetu kwa saa 11, na kwa saa 10 kuanzia Machi hadi Novemba, Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele.

Wengi hapo hufanya kosa la kurekebisha saa badala ya ukanda. Huandika saa sahihi ya Korogwe, na kompyuta huipokea kama saa ya Los Angeles. Baada ya muda kompyuta huuliza intaneti, huona imekosea na kurudisha saa nyuma. Mwenye nayo huirekebisha tena, nayo hurudi tena. Mvutano huo unaweza kuendelea kwa wiki kadhaa, na mwishowe intaneti ikabebeshwa lawama ilhali ndiyo iliyokuwa sahihi.

Sababu mojawapo ya kosa hilo ni kwamba katika orodha ya Windows jina la Dar es Salaam halimo. Ukanda wetu umeandikwa kwa jina la Nairobi, ukiwa na alama ya UTC+03:00. Mtanzania achague Nairobi bila wasiwasi, kwani majira ni yaleyale na hayabadiliki kwa misimu. Watumiaji wa Linux wao hulikuta jina la Dar es Salaam.

Tofauti ikiwa ni saa 6 kamili, chanzo ni lugha yetu. Waswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza na linapozama, wakati kompyuta huanza usiku wa manane. Inapofika saa 8:00 mchana, kompyuta inapaswa kusoma 14:00. Mtu asiyezoea huona tarakimu hizo hazilingani na anavyosema mdomoni, akaandika 8:00, na hapo ameirudisha saa nyuma kwa saa 6. Kwa sababu hiyo hiyo, mwombaji anayesoma tangazo lenye kikomo cha 23:59 anapaswa kuelewa kuwa ni saa 5:59 usiku.

Tofauti ikiwa ni saa 3 kamili, kuna uwezekano wa mambo mawili. La kwanza ni kwamba kompyuta imeachwa kwenye ukanda wa UTC. La pili huzipata kompyuta zenye Windows na Linux kwa pamoja: Windows huitunza saa ya ndani kwa majira ya mahali, wakati Linux huitunza kwa UTC, hivyo kila mmoja huharibu kazi ya mwenzake. Tiba rahisi ni kuiamuru Linux ifuate utaratibu wa Windows, kwa amri ya timedatectl set-local-rtc 1.

Tofauti ya saa 1 mara nyingi humaanisha mtumiaji amechagua Harare na Pretoria au Cairo, kwa kudhani kuwa jina lolote la Afrika linatosha. Na tofauti ikiwa ni ya dakika chache, kila kitu kiko sawa isipokuwa kompyuta haijaonana na seva ya saa kwa muda mrefu.

Pale seva inapoulizwa bila jibu

Ukanda ukiwa sahihi na betri ikiwa nzima, bado kitufe cha kuoanisha saa kinaweza kutoa ujumbe wa kushindwa. Sababu kubwa ni nne.

Ya kwanza inawagusa hasa waliobadilisha betri. Windows katika kompyuta isiyo chini ya seva ya ofisi kwa kawaida hukataa kurekebisha kosa linalozidi sekunde 54,000, yaani saa 15. Programu ya NTP iliyotumika kwa miaka mingi katika Linux nayo husita kosa likizidi sekunde 1,000. Si ubovu, ni tahadhari. Mhalifu akiweza kuirudisha kompyuta miaka mitatu nyuma kwa kuipa saa ya uongo, ataweza pia kutumia vyeti vilivyokwisha muda wake.

Kwa hiyo, kompyuta iliyorudi mwaka 2009 haiwezi kujinasua yenyewe hata ipewe intaneti ya kasi kiasi gani. Mwenye nayo aandike kwanza kwa mkono mwaka, mwezi, siku na saa ya karibu, ndipo aiachie intaneti imalizie dakika na sekunde. Hatua hii ndogo ndiyo inayorukwa na watu wengi.

Sababu ya pili ni huduma ya saa ndani ya kompyuta kuwa imelala. Katika Windows huduma hiyo huitwa Windows Time. Mtumiaji mwenye mamlaka ya msimamizi anaweza kufungua dirisha la amri na kuandika net start w32time, kisha w32tm /resync. Akitaka kujua seva iliyotoa jibu na lini, aandike w32tm /query /status. Katika Windows 10 na 11, asiyependa amri aingie kwenye mipangilio ya tarehe na saa na kubonyeza kitufe kilichoandikwa Sync now.

Sababu ya tatu ni njia kufungwa. Maswali ya saa hupita katika mlango namba 123 wa aina ya UDP, tofauti na milango ya kurasa za kawaida. Mwishoni mwa mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014, wahalifu walizitumia seva za saa zisizolindwa kushambulia tovuti duniani, na shambulio moja la Februari 2014 lilifikia takriban gigabiti 400 kwa sekunde. Ni jambo la kawaida kwa wasimamizi wa mitandao kuufunga mlango huo. Ndiyo sababu kompyuta ya ofisini inaweza kufungua kila tovuti na bado ikakosa saa.

Kipimo chake ni chepesi. Kompyuta iunganishwe kwa muda na intaneti ya simu ya mkononi, kisha saa iulizwe tena. Ikijibiwa, kosa liko kwenye mtandao wa ofisi au kwenye programu ya kukinga virusi, na msimamizi aombwe kufungua njia.

Sababu ya nne ni seva yenyewe kutofikika. Windows huja ikiwa imeelekezwa kwa time.windows.com. Inaruhusiwa kuweka jina jingine, kwa mfano africa.pool.ntp.org, ambalo ni sehemu ya mradi wa hiari ulioanza mwaka 2003 unaokusanya seva za saa zinazotolewa na watu na taasisi mbalimbali. Kompyuta ikiuliza jina hilo huelekezwa kwenye mojawapo ya seva zinazofanya kazi wakati huo.

Ofisi isitegemee bahati

Kwa duka lenye kompyuta moja, hatua hizo zinatosha. Lakini kwa shule au ofisi yenye kompyuta kumi na zaidi, si busara kila moja kuuliza saa kivyake. Inatosha kuteua ruta au kompyuta moja ikawa mwalimu wa saa, ikauliza nje kwa niaba ya wengine, nao wakaiuliza yenyewe.

Faida yake huonekana mawasiliano ya nje yanapokatika, kama ilivyotokea Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na huduma za intaneti nchini zikayumba. Katika hali kama hiyo kompyuta za ofisi huendelea kukubaliana zenyewe kwa zenyewe, na kumbukumbu za kazi hazipishani.

Mashine za EFD ni jambo jingine. Hizo zisifunguliwe na fundi wa mtaani hata kama saa yake imepotoka; apewe taarifa wakala aliyeidhinishwa aliyeiuza.

Kwa ufupi, mpangilio wa tiba ni huu: betri kwanza, kisha tarehe na mwaka kwa mkono, kisha ukanda wa Nairobi, kisha huduma ya saa kuamshwa, na mwisho ndipo mtandao uchunguzwe. Anayeanzia mwisho atazunguka na kurudi palepale, kwa sababu intaneti haina uwezo wa kutibu betri iliyokufa wala ukanda uliochaguliwa vibaya.

Ni vema kila ofisi ikampa mtu mmoja jukumu la kutazama saa za kompyuta zote walau mara moja kwa mwezi na kuzilinganisha na simu. Kazi hiyo haichukui zaidi ya dakika tano, ilhali ombi la kazi lililofika baada ya dirisha kufungwa halina fundi wa kulirudisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.